Petro Nje ya Lango



Likitajwa jina la Ngarambe, wengi hukumbuka mwaka 1904, Kinjikitile Ngwale aliposemekana kuingiwa na pepo Hongo, akazama bwawani, akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu. Watu walimwendea makundi kwa makundi, na Agosti 1905 Wajerumani wakamnyonga huko Mohoro. Si kazi yangu kumpima. Lakini penye kumbukumbu kama hizo, mtu akisema, "Siku hizi sijioni kuwa mimi," jirani hutaja pepo kabla hajamaliza.

Iko taabu nyingine isiyo na pepo. Hakuna mgeni aingiaye wala asemaye kwa kinywa chako. Ni wewe mwenyewe unayejiona kwa mbali. Mkono unachota maji, nawe unautazama kama wa mwingine. Sauti yako waisikia kama imetoka chumba cha pili. Mwanao unamjua vema, lakini moyo umekufa ganzi. Na akili ni timamu, maana wajua fika kwamba mkono ni wako. Hapo ndipo taabu hii inapoachana na wazimu, na ndipo inapouma. Mfaransa Ludovic Dugas aliipa jina la kitabibu mwaka 1898. Huja kwa hofu kuu, msiba, kukosa usingizi, hata bangi. Kwa wengi hupita upesi. Kwa wachache hukaa miezi au zaidi.

Someni Matendo 12. Yakobo ameuawa, Petro yu katika minyororo miwili. Malaika anamtoa, naye anafuata akidhani ni maono tu. Sisemi Petro aliugua. Lakini aliyepatwa na taabu hii atautambua mwendo ule. Tena tazameni alivyoagizwa kwanza: mshipi, viatu, vazi. Matabibu nao huanza na mwili: kanyaga ardhi, shika kitu cha baridi, taja unavyoviona, lala usingizi wa kutosha. Isipopungua kwa majuma kadhaa, nenda hospitali. Na mtu akianguka kifafa au akitamani kufa, apelekwe siku ile ile.

Kisha Petro alikwenda kwa watu wake. Roda akapeleka habari, na wale wale waliokuwa katika maombi wakamwambia ana wazimu! Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwaacha wengi wa Rufiji na Kibiti bila nyumba wala mashamba. Mmoja wao akikuambia kwamba tangu siku ile dunia ni kama ndoto, usimjibu alivyojibiwa Roda. Muulize ilianza lini, na kama analala. Petro wakati huo alikuwa bado nje, anabisha.