Mbegu Kwanza, Mgeni Baadaye

Kuna neno lilisemwa wiki hii jikoni kwa shangazi yangu, Mbulu, na mpaka leo linanikereketa. Pilau lilikuwa likipikwa kwa ajili ya wageni waliotoka mjini. Binti aliyekuwa jikoni akanyoosha mkono kwenye fungu la vitunguu saumu lililoning'inia darini: vichwa vikubwa vyenye michirizi ya zambarau, vimesukwa kwa majani yake, mizizi ingali na udongo. Shangazi akamzuia. "Hivyo acha, mwanangu, ni mbegu. Chukua vya kwenye ungo." Vya kwenye ungo vilikuwa vidogo, punje nyingine hazizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Mgeni mmoja akasema, "Shangazi, kumbe sisi ndio wa kulishwa masalia?"

Shangazi alinyamaza. Mimi namjibia.

Tumelelewa tukijua kwamba mgeni hupewa kilicho bora, na sina ugomvi na malezi hayo. Lakini mbegu si ya mgeni, wala si ya mwenye nyumba. Kitunguu maji ukikiacha kitoe maua, utapata mbegu za kujaza bustani. Saumu hupandwa kwa punje, na punje moja huzaa kichwa kimoja tu, nakala ya mama yake. Kichwa chenye punje 10 kikiingia chunguni, vichwa 10 vya msimu ujao vimekwenda nacho. Punje kubwa ina akiba ya kukuza mche wenye nguvu. Iliyodumaa hutoa kichwa kidogo, na pengine imedumazwa na virusi utakavyovirudisha shambani kwa mkono wako mwenyewe. Mtu akila vikubwa na kupanda vidogo kila mwaka, asije akamlaumu Mungu wala mvua.

Utaniambia sokoni vimejaa. Ni kweli. China peke yake huzalisha takribani robo tatu ya saumu ya dunia nzima, na vichwa vyake vyeupe vimefika hadi magengeni kwetu. Vya kupikia, nunua. Vya kupanda, utajuaje vilizoea hali ya hewa ya wapi? Saumu isipopata baridi ya kutosha inaweza kubaki majani matupu, au kufanya kichwa kisichogawanyika punje. Na ukiingiza kuvu wa uozo mweupe bustanini, huweza kukaa udongoni miaka 20 na zaidi. Mwenye kieneo kimoja nyuma ya nyumba atahamia wapi?

Ndiyo maana shangazi huchagua siku ile ile ya kuvuna, kabla jiko halijawashwa. Hubonyeza kila kichwa kwa dole gumba. Kilicho kigumu, kisicho na doa, hupanda darini. Punje hazibandui mpaka siku ya kupanda, na ganda haliguswi.

Kwa hiyo anayemwona mchoyo hamjui. Msimu wa kupanda ukifika, jirani akimwomba, humpa vichwa viwili vitatu kutoka fungu lile lile, bila malipo, aende akapande.