Deni la Mafuta ya Chipsi

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo kwa juu juu ni la mafuta na mapipa, lakini mimi limenikosesha usingizi. Sisi tuliokuwa hapa Uingereza mwezi wa Septemba 2000 tunakumbuka wenye malori walivyofunga njia za maghala ya mafuta kwa kupinga bei, na katika siku chache tu vituo vya petroli vikakauka. Wako watu waliojiambia siku zile kwamba hawatangoja tena foleni. Mmoja wao ni mzee wetu wa hapa mtaani, mtu wa Pangani, fundi makanika wa miaka mingi. Sisi tulio vijana kwake tunamwita Ami.

Mwaka 2004 Ami alianza kutengeneza dizeli yake mwenyewe katika banda lililo nyuma ya nyumba. Kila Jumamosi akizungukia maduka ya samaki na chipsi, akichukua mafuta yaliyokwisha kukaangia. Wenye maduka wakimshukuru, kwani Novemba ya mwaka ule ilipigwa marufuku kuwalisha mifugo mafuta ya namna hiyo, na kuyatupa ni gharama. Kazi yenyewe si uchawi. Mafuta huchujwa kwa kitambaa, hupashwa moto mpaka maji yote yaishe, kisha hupimwa ukali wake ili ijulikane yanahitaji kostiki soda kiasi gani. Kwa lita 100 za mafuta, Ami alikuwa akichanganya kostiki hiyo na lita 20 za methanoli, akamimina ndani ya tangi kuukuu la kupashia maji ya nyumba, akazungusha kwa pampu kwa saa nzima kwenye joto la nyuzi 55 hivi. Akiacha usiku kucha, asubuhi gliserini nzito, nyeusi kama asali ya nyuki wadogo, imelala chini, na juu imebaki dizeli ya rangi ya chai ya rangi. Hiyo husafishwa kwa maji, hukaushwa, ikatiwa garini. Maji yakibaki kwenye mafuta tangu mwanzo, unapata pipa zima la sabuni. Lilimpata mara mbili.

Nisisitize hapa kwamba methanoli si spiriti ya kuchezea. Mvuke wake ni sumu, kuinywa hupofusha na huua, na moto wake mchana ni shida hata kuuona. Nyumba zetu za hapa zimegusana kuta, na mimi niliwahi kumwuliza Ami kama jirani wa upande wa pili amepewa habari ya kinachochemka bandani. Alinyamaza kidogo, halafu wiki iliyofuata akahamisha mapipa ya methanoli nje, mbali na ukuta. Swali hilo tulilimaliza. Lililobaki ni la ushuru.

Sheria ya hapa haikujali mafuta yametoka kisimani au kwenye kikaango. Ukiyatia garini kama moto wa injini, Hazina inataka chake. Mwaka 2002 madereva wa Wales ya Kusini walinaswa wakiendesha kwa mafuta ya kupikia ya dukani bila kulipa, na harufu ya chipsi ndiyo iliyowafichua. Magazeti yalicheka sana. Kwa biodizeli, ushuru ulikuwa umepunguzwa kwa peni 20 kwa lita, lakini peni 27 hivi zilibaki, na zilidaiwa tangu lita ya kwanza. Ami hakulipa hata moja. Wala mimi, niliyekuwa nikipewa lita 20 karibu kila wiki kwa Peugeot yangu kuukuu kwa muda wa mwaka mzima, na namlipa gharama za methanoli tu.

Halafu tarehe 30 Juni 2007 sheria ikabadilika: mtengenezaji asiyefikisha lita 2,500 kwa mwaka hadaiwi ushuru wala hana haja ya kujiandikisha. Ami alikuwa akitengeneza lita 2,000 hivi. Usiku mmoja akawa mtu halali. Nilimpigia simu kumpongeza. Badala ya kucheka akaniambia, "Mwanangu, hii ya mbele nimeielewa. Na ya nyuma je?"

Ami, kwa tabia ya mafundi wa zamani, alikuwa ameandika kila lita kwenye daftari. Miaka mitatu, lita 6,000, kwa peni 27: pauni 1,620. Katika hizo, 270 ni za Peugeot yangu.

Tulibishana miezi. Hoja yangu ya kwanza ilikuwa kwamba kama serikali yenyewe imekiri kwamba mtengenezaji mdogo hafai kudaiwa, basi haikustahili kumdai tangu awali. Naona sasa kwamba ni hoja ya mvivu. Baba akiwaruhusu watoto leo kurudi nyumbani saa nne za usiku, aliyechelewa jana alikuwa bado amechelewa. Hoja ya pili ilikuwa na nguvu zaidi: Ami alikuwa akifanya jambo jema. Mafuta yale yangeziba mifereji ya maji machafu. Hayakumpokonya mtu chakula. Oktoba 2007 Jean Ziegler wa Umoja wa Mataifa alisema kugeuza chakula kuwa mafuta ya magari ni jinai dhidi ya ubinadamu, lakini yeye alikuwa akisema juu ya mahindi na ngano, si masazo ya kikaango. Wala hayakumpokonya mtu shamba, kama ilivyokuja kutokea kule Kisarawe, ambako kampuni ya Kiingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji ipande mibono kaburi ya kutoa dizeli, na ilipofika 2011 mradi ukaanguka, wanavijiji wakabaki bila kazi walizoahidiwa na bila ardhi. Ukilinganisha na hayo, banda la Ami ni kama msikiti.

Ndipo nilipojishtukia. Wema una tabia mbaya ya kututolea risiti. Mtu akishafanya jema hapa, moyo wake humwambia kwamba kule amekwisha kulipa. Mafuta yalikuwa safi, ndiyo. Lakini barabara tuliyoyaendeshea ilijengwa na waliolipa peni 47 kwa lita, na wengi wao ni madereva wa teksi wa hapa hapa mtaani, wenzetu, wasio na banda wala nafasi ya kuweka pipa.

Ami naye alikuwa na njia yake, na ndiyo iliyonitatiza kuliko zote. Alisema atazitoa pauni 1,620 zote, tena kwa furaha, lakini atazipeleka Pangani zikachimbe kisima. "Hawa nikiwapa," alisema, "watanunulia mabomu ya Iraki. Kule watoto watakunywa maji." Nani kati yetu, akiwa na jamaa nyumbani, hajawahi kuwaza hivyo wakati wa kujaza fomu? Nilikaa kimya siku ile. Nilimjibu baada ya wiki mbili hivi. Nilimwambia kisima ni chema, akichimbe. Lakini mdaiwa hachagui mdai. Nikikukopa wewe shilingi mia, kisha nikampa maskini kwa sababu wewe ni mlevi, maskini ameshiba na mimi bado ninakudai uniite mwaminifu. Na Hazina hiyo hiyo ya mabomu ndiyo iliyombadilishia Ami goti la kushoto mwaka 2006 bila kumtoza senti. Alicheka, akashika goti lake, akasema, "Hilo umenipata."

Sisemi kwamba kila sheria ni deni la dhamiri. Wazee wetu walikataa kodi ya kichwa na walikuwa na haki, kwa sababu waliikataa mchana, mbele ya mkoloni, wakijua viboko vinakuja. Kama Ami anapinga vita, naye aseme hadharani kwamba halipi na kwa nini. Sisi tulikataa gizani, bandani, tukiomba upepo uvume upande mwingine harufu isimfikie mtu.

Mwisho Ami aliamua kuandika barua kwa idara ya ushuru, na mimi nikaambatisha hundi yangu ya 270. Aliniletea barua hiyo nimsahihishie Kiingereza. Ilikuwa kurasa mbili: moja ya hesabu za daftari, na ya pili yote juu ya vita vya Iraki. Nilifuta ya pili, nikamwambia haihusiani na dizeli. Aliichukua kalamu, akairudisha neno kwa neno, akatia sahihi chini yake.