Andika Kabla ya Kulala

Taa imezimwa, chandarua kimeshushwa, lakini akili ndiyo kwanza inafungua duka. Ada ya mtoto muhula ujao. Ujumbe wa shangazi ambao hujaujibu tangu juzi. Fundi bomba aliyeahidi kuja kesho. Unageukia upande wa pili, orodha inaanza upya.

Usipigane nayo. Akili ukiiamuru inyamaze, huzidisha kelele. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la vijana 57 waliolala maabara. Kabla ya kulala, wengine waliandika kwa dakika 5 kazi zinazowasubiri, wengine zile walizokwisha kumaliza. Walioandika zinazowasubiri walipata usingizi mapema zaidi, kwa takriban dakika 9. Na kadiri walivyozieleza kwa kina, ndivyo walivyolala upesi. Nani angedhani? Wengi wetu tunaamini kuyagusa mambo hayo usiku ni kuyachokoza.

Basi weka daftari na kalamu kando ya mto. Simu iache mbali, maana ina mambo yake. Usiandike "ada" tu, andika "Jumatatu asubuhi, kumpigia mhasibu wa shule, kuomba kulipa kwa awamu mbili." Na lile usiloliweza, kama maradhi ya mzazi, liandike pia, uliombee dua. Kisha vuta pumzi taratibu, uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Moyo hupunguza mwendo kila unapotoa pumzi.