Kuzama na Kuzamishwa

Kitenzi "zama" humaanisha kwenda chini ya maji hadi kufunikwa kabisa, nacho si ndugu wa nomino "zama", yenye maana ya enzi, ambayo asili yake ni neno la Kiarabu "zaman" lililotupa pia "zamani". Kiarabu kimeleta vilevile "ghariki", kutoka katika mzizi wenye maana ya kuzama majini, na kwa kuwa neno hilo linakumbusha gharika ya Nabii Nuhu, hutumika zaidi pale maji yanapofunika nchi.

Uzito wa "zama" hudhihirika katika mnyambuliko, yaani upanuzi wa kitenzi kwa viambishi vya mwishoni. Kauli ya kutendea, "zamia", ni kushuka kwa makusudi, kama afanyavyo mpiga mbizi, na ndiyo asili ya "mzamiaji", jina wanalopewa wanaojificha melini ili wasafiri kwa siri. Kauli ya kutendesha, "zamisha", humwelekea aliyesababisha kingine kizame. Anayesema "meli imezama" husema kweli, lakini kauli hiyo haimtaji mtendaji yeyote, na aliyekijaza chombo kupita kiasi hupata pa kujificha.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilichotoka Bugorora, Ukerewe, kilipinduka kikiwa karibu na gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101, ilhali waliokufa walizidi 220, hesabu inayotosha peke yake kuonyesha kwamba msiba ulianza pale abiria wa ziada walipoachwa wapande, kabla kamba hazijafunguliwa.

Uingereza ilikwisha kukiri ukweli huu mwaka 1876, pale juhudi za mbunge Samuel Plimsoll zilipozaa sheria ya kuchora ubavuni mwa meli mstari wa shehena, alama ambayo maji hayapaswi kuipita chombo kinapopakiwa. Mstari huo ni rangi tu, na haumlindi abiria iwapo anayepakia, anayekagua na anayeshika usukani wanaupuuza. Kuwaomboleza waliokufa ni wajibu, na sehemu ya wajibu huo ni kuuliza bila woga ni nani aliyezamisha, kisha kukataa kupanda, na kukataa kupandisha, pale nafasi inapokuwa imekwisha.