Giza katika Hadithi za Wakati Ujao

Swali limezuka katika nyumba nyingi zenye televisheni: je, michezo ya mfululizo isimuliayo safari za nyotani na mambo ya wakati ujao yafaa iwe na giza zaidi, yaani vita, usaliti na mauti, au ibaki kuwa ya matumaini? Wengine watasema kwamba jambo hili ni la kupitisha wakati tu. Sisi twaona sivyo. Mtu hujifunza kutumaini au kukata tamaa kwa hadithi anazosimuliwa kila jioni, na leo televisheni imeshika mahali pa bibi.

Tutazame mfano ujulikanao. Mwaka 1966 ulianza huko Marekani mchezo uitwao Star Trek. Ndani yake alikuwamo afisa mwanamke Mwafrika, Uhura, ambaye jina lake lilitokana na neno letu la Kiswahili, uhuru. Wakati ule watu weusi wa Marekani walikuwa bado wakipigania haki zao. Mchezo ukawaonyesha siku ambayo rangi haitamzuia mtu kushika kazi ya heshima. Je, huo ulikuwa uongo? La, hasha. Lakini miaka ilipopita, watungaji waliona nuru ile kuwa nyepesi mno. Katika mfululizo mwingine wa ukoo huo huo, Deep Space Nine, wa miaka 1993 hadi 1999, vita virefu vyatanda. Katika sehemu moja ya mwaka 1998, nahodha mwenyewe ashiriki udanganyifu ili kuliingiza taifa jingine vitani, na damu yamwagika.

Wapendao giza hili wana hoja yenye uzito. Wasema kwamba dunia imejaa maovu, na amfichaye mtoto maovu hayo ampeleka vitani bila ngao. Ndivyo wazee wetu nao walivyonena: kweli iliyo uchungu si uongo ulio mtamu. Hata hivyo, yatupasa kuuliza: je, kila kilicho kichungu ni kweli?

Sisi wa nchi hii tunacho kipimo chetu, nacho ni ile njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Hapo zilipita pembe za ndovu, na hapo walipita watu waliofungwa minyororo. Asimuliaye njia hiyo kwa kutaja miembe, biashara na wageni mashuhuri peke yake, amedanganya, kwa kuwa amewanyamazia waliokufa njiani. Walakini asimuliaye minyororo peke yake, huyo naye amedanganya. Maana wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, waliopatana ujira wao, walioona fahari kwa kazi yao, na kugoma au kuondoka walipodhulumiwa. Kuwavika wote minyororo ni kuwanyang'anya heshima waliyoipata kwa mabega yao.

Tena David Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi iitwayo Zambia leo, watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake na kuuchukua kuelekea pwani. Chuma mwenyewe alikuwa ameokolewa ujanani katika mikono ya wauza watumwa. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, Waingereza waliowakuta huko waliwashauri wauzike mwili hapo hapo. Wakakataa, wakaendelea na safari, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Nani awezaye kueleza uaminifu wao pasipo kutaja hatari za njia ile? Na nani awezaye kudai kwamba ameieleza njia ile barabara, naye hakutaja uaminifu huo?

Basi, hiki ndicho kipimo. Giza lafaa katika hadithi likituonyesha thamani ya wema na uzito wa kuchagua. Halifai linapotufundisha kwamba hakuna mema wala mabaya, na kwamba kila mtu ana bei yake. Nahodha yule ajaribu kujishawishi kwamba aweza kuishi na tendo lake, na mtazamaji aachiwa kuhukumu. Giza la namna hii laamsha dhamiri. Lakini ukatili unaoongezwa ili watu wasiondoke mbele ya kioo ni biashara tu, wala haustahili kuitwa ukweli. Katama Mkangi wa Kenya, katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995, alimtoa mtu katika hukumu ya kifo akamfikisha katika nchi ya haki: alianza gizani, lakini hakutuacha humo.

Wazazi wapenzi, msiseme kwamba kazi hii ni ya watungaji peke yao. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na vitisho asivyoweza kuvipima. Kijana naye asizimiwe televisheni kwa hasira. Keti karibu naye, kisha umwulize: huyu alikuwa na njia gani nyingine? Wewe ungalifanya nini? Akijibu maswali hayo, hata hadithi yenye giza itamfaa. Akikosa wa kumwuliza, hata ile iliyo tamu itampita bure.