Msimwachishe Mgonjwa Dawa kwa Maneno ya Barazani

Wanangu, nawasikia mkiambizana kwamba dawa ya propranolo inagandisha damu, basi mzee mwenye ini lililosinyaa aachishwe. Subirini. Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini mmeushika nusu, na nusu hiyo inaweza kumuua mtu.

Ini likishambuliwa miaka mingi na homa ya ini aina ya B, au pombe, hujaa makovu na kuwa gumu. Damu itokayo utumboni inakosa njia, shinikizo linapanda katika mshipa mkuu unaoingia kwenye ini, nayo damu inajisukumia pembeni, kwenye mishipa midogo ya umio na tumbo. Mishipa hiyo huvimba. Siku ikipasuka mgonjwa hutapika damu tele, na wapo wasiowahi kufikishwa hospitali. Mwaka 1981 Didier Lebrec na wenzake huko Ufaransa walionyesha kuwa propranolo hupunguza kurudia kwa janga hilo. Siku hizi madaktari wengi hupendelea ndugu yake, karvedilo.

Dawa hizi hupunguza kasi ya moyo na kiasi cha damu kinachoingia katika mshipa ule mkuu wa ini. Hapo ndipo hofu ilipozaliwa, maana damu inayokwenda polepole huganda kwa urahisi. Zipo tafiti zilizokuta mabonge ya damu zaidi kwa wanaozimeza. Lakini tazameni wanaopewa dawa hizi ni akina nani: ni wale ambao shinikizo lao limeshapanda, ambao damu yao ilianza kujikokota kabla ya kidonge cha kwanza. Mimi siwezi kukihukumu kidonge peke yake kwa ushahidi wa namna hiyo.

Wala msidanganyike kwamba mgonjwa wa ini damu yake ni nyepesi, haigandi. Vipimo vya maabara vinaweza kuonyesha inachelewa kuganda, na bado bonge likamwota kwenye mshipa.

Kwa hiyo anapokwenda kupigwa altrasaundi ya ini, ombeni daktari atazame na mwendo wa damu kwa Dopla. Tumbo likimuuma ghafla au likijaa maji upesi, msingoje kuche. Akipata kizunguzungu, mkojo ukipungua, au namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 90, mrudisheni kwa daktari. Huenda dozi ipunguzwe au dawa isimamishwe. Kama ana pumu, semeni mapema. Na aspirini ya dukani, mnayoambiwa inayeyusha damu, msimpe: huko ndiko kumtobolea mishipa ile ile tunayoilinda.

Kuikata propranolo ghafla hurudisha shinikizo juu. Uamuzi huo ni wa daktari aliyemwona mgonjwa. Nawasihi, mpelekeni kliniki na vidonge vyake mkononi, mkaulize.