Stara haizuii kupimwa



Shangazi yangu wa Ngara alitokwa na damu mwaka mzima, ilhali hedhi ilikwisha koma zamani, akanyamaza. Binti zake walipogundua, alisema amemtegemea Allah (S.W), na tena anaona haya kuvuliwa nguo. Tulimpeleka Bugando, Mwanza, kwa njia ya Biharamulo na Geita. Saratani ya mlango wa kizazi ilikwisha sambaa. Allah amrehemu.

Wataalamu wa dunia wanatafiti mambo makubwa. Mawimbi ya sauti, jamii ya yale ya kupimia mimba, hukusanywa kwenye nukta moja mwilini, kama kioo kinavyokusanya jua hata karatasi ikaungua. Joto lile huunguza uvimbe bila kisu. Wengine hutia ndani ya uvimbe jeni iliyolala, ambayo joto hilo huiamsha ifanye kazi palepale penye ugonjwa. Subhanallah! Lakini huko kuunganisha joto na jeni bado kuko katika utafiti.

Je, tukae tusubiri? Hapana. Lipo joto lililo karibu zaidi. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, na penye dalili hugeuka peupe. Kama panafaa kutibiwa hivyo, huunguzwa kwa joto kabla hapajawa saratani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyo. Ni kazi ya dakika chache. Na mabinti wana chanjo, iliyoanza nchini kote mwaka 2018. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Mtume (s.a.w) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola. Na ametuhimiza tujitibu. Basi kuficha maradhi si tawakkul. Haya ni katika imani, lakini sheria imeruhusu tabibu kuona panapohitajika. Aombwe muuguzi wa kike, na akikosekana, dharura ina hukumu yake.

Enyi waume, wapelekeni wake zenu. Nanyi maimamu wa Ngara na Biharamulo, lisemeni hili kwenye khutba bila kuona haya.

Nauli ya shangazi kwenda Mwanza tuliichanga msikitini, kwa moyo mmoja. Laiti tungeichanga mwaka mmoja kabla, ilipotosha nauli ya kufika hospitali ya wilaya.

Wallahu a'alam.